Jina Kwenye Jalada

Kifurushi cha usiku, saa sita hadi kumi na mbili.
Simu nimeilaza dirishani inase mtandao,
gemu linashuka tone kwa tone
kama bomba la Pasua wiki ya mgao.
Asilimia nne. Tisa. Tisa tena.
Nimelipa bila kuinuka kitini.
Hakuna aliyenihesabia chenji,
hakuna aliyeniambia, "Jaribu kwanza, bosi."

Lile la kwanza nililinunua kwa mkono,
elfu thelathini na tano, noti zinazonuka vitunguu
vya mama, vya Mbuyuni.
Ndesario, kibandani kwake nyuma ya stendi,
aliipulizia sidi, akaifuta na shati,
akaigeuza juani:
upinde mdogo wa mvua ukakimbia ukutani.
"Mkwaruzo huu," akasema, "ni wa usoni tu. Haujafika moyoni."

Nikaandika jaladani kwa peni ya bluu: Mbonea.
Ikaenda kwa Kundaeli, ikarudi na doa la chai.
Ikaenda kwa akina Aikaruwa, ikakaa muhula mzima,
ikarudi ndani ya jalada la gemu la magari.
Tukanuniana wiki nzima,
kisha mvua ikanyesha, tukacheza.

Mguu wa mama ulipovimba
na KCMC wakataka kipimo,
niliipeleka Kiboriloni, elfu kumi na nane.
Sitaki kuipamba habari hii.
Nasema tu: siku ile, kilikuwepo cha kuuza.

Hili la hewani nalo lina sifa zake.
Halikwaruziki. Shemeji haliazimi akalisahau Himo.
Vumbi la Januari halilijui.
Ila yale masharti, kurasa arobaini,
niliyoyabonyeza "Nakubali" nikipiga mwayo,
dada yangu Namkunda aliyasoma, ndiyo kazi yake kusoma.
"Hapa hawasemi umenunua," akasema. "Wanasema umeruhusiwa."
"Mpaka lini?"
Akashusha ukurasa, akashusha, akashusha.
"Hawajasema."

Mwezi uliopita niliiona tena Kiboriloni,
kati ya chaja na sidiria za mitumba.
Mbonea, limekatwa mstari.
Godlisten, limekatwa.
Sia. Sia wa pili, au yuleyule.
Na chini kabisa, kwa penseli, mwandiko wa mtoto,
herufi zinapanda mlima.
Doa la chai lipo palepale.
Elfu nane, akasema muuzaji.

Pembeni yangu kijana wa sare za shule
alikuwa akihesabu sarafu, akikosea, akianza upya.
Nikampa jalada.
"Mechi ya tatu huwa inakwama," nikamwambia.
"Usizime. Isubiri."
Akaniangalia kama mtu anayetaka kumwibia.

Saa kumi na moja na nusu. Asilimia tisini na mbili.
Jogoo wa jirani hana habari na vifurushi.
Mezani ipo peni ya bluu,
sijui nimeitoa ya nini.