Mgongo Mmoja

Oulu, Januari. Saa nne asubuhi na jua bado linajivuta
kama mtoto aliyeamshwa kwenda shule.
Mlangoni nawavua chuma: mkanda, hereni,
pini ya nywele, sarafu iliyosahaulika mfukoni.
Sumaku haina utani.

Seela ana miaka kumi na mitatu. Fomu yake inasema: *ukuaji wa kawaida*.
Oiva ana tisa. Fomu yake ina kurasa nne zaidi.
Mama yao amepakata soksi za sufu,
anazikunja, anazikunjua.

Seela ndiye wa kwanza. Dakika ya sita anajikuna pua,
ya nane anacheka, mwenyewe hajui anacheka nini.
Picha inatoka na ukungu, kama kioo cha sauna
kilichofutwa kwa kiganja.
Tutarudia, nasema kwenye kipaza sauti.
Tunarudia mara mbili.

Kisha Oiva, ambaye darasani kiti humchoma,
Oiva wa kurasa nne.
Analala. Mashine inagonga, ko, ko, ko,
halafu inapiga yowe refu la msumeno.
Hata kope haichezi.
Dakika arobaini na moja, tuli, maji mtungini.

Akitoka anaiambia sakafu:
“Imegonga mara mia tatu na kumi na mbili.
Halafu ikaruka mgongo mmoja.”
Nafungua kumbukumbu za mashine.
Imeruka mmoja.

Wataalamu watapima unene wa gamba, milimita kwa milimita.
Wanasema ubongo wa kijana hukua kwa kujipogoa:
njia isiyopitwa huachwa iote nyasi.
Mbona sikuambiwa nilipokuwa na miaka kumi na mitatu,
nikilia bafuni bila sababu,
kwamba kuna mtu ndani yangu na panga dogo
anasafisha njia?

“Inaonyesha nini?” mama anauliza.
Ninaloruhusiwa kusema ni hili: majibu ni ya kundi,
si ya mtoto mmoja.
Nalisema.
Anaitikia kwa kichwa, kama aliyeuliza bei
ya kitu asichoweza kukinunua,
na anaanza kumvisha Oiva soksi.

Nawachapia picha mbili, zawadi ya kuondokea.
Seela anacheka tena: kabichi iliyokatwa katikati!
Oiva anaipindua yake juu chini,
anaipeleka dirishani, kwenye mwanga uliochelewa,
anatafuta kwa kidole
ule mgongo mmoja ulipopotelea.