Behewa Namba 417

Lilikuja kwetu juu ya trela, mwezi Machi, theluji ikiyeyuka,
bila magurudumu, bila mota, bila aibu,
limefungwa mabati ubavuni kama mgonjwa na bendeji zake,
na ndani kuku wawili waliokataa kushuka.

Delmar Hostetler alilizunguka mara tatu, mikono mfukoni.
Akagonga kizingiti kwa kifundo cha kidole,
kizingiti kikamjibu kwa sauti ya mkate mkavu.
"Mwaloni," akasema. "Ulikuwa mwaloni."
Ndivyo tulivyoanza.

Mimi nilikuwa fundi wa meno ya bandia, miaka thelathini na mmoja.
Nilistaafu na vyombo vyangu,
na sasa kila Jumamosi, katika karakana hii ya Indiana
ambayo jiko lake hupasha joto hatua mbili tu kulizunguka,
nachokonoa rangi kwenye nakshi za mkangazi:
nyeupe ya jikoni, chini yake kijani cha hospitali,
chini yake nyeupe nyingine, ya nani sijui,
hadi rangi ya chungwa ya kampuni
iliyokufa mwaka thelathini na nane
pamoja na reli yake, nguzo zake na mishahara.

Mota nne tulizipata Iowa, kwenye yadi ya vyuma chakavu,
tukazilipia kwa uzani, kama viazi.
Delmar anazisuka upya nyaya zake za shaba, mzunguko kwa mzunguko,
akihesabu kwa Kijerumani cha bibi yake,
na ukimsemesha katikati anaanza tena moja.
Hatumsemeshi.

Mwaka wa sita, kwenye ubao ulio karibu na mlango wa mbele,
nilikuta penseli.
Mistari midogo, kama ya kipimajoto:
Orpha, arobaini na sita. Orpha, arobaini na saba.
Lowell, arobaini na saba, usawa wa paja langu.
Lowell, arobaini na tisa.
Kisha Orpha peke yake, akipanda, akipanda.

Niliweka chombo chini.

Kanuni ya makumbusho imebandikwa ukutani:
behewa lirudi kama lilivyokuwa mwaka wa kumi na nne.
Mwaka huo hapakuwa na Orpha. Hapakuwa na penseli.
Tulibishana hadi kahawa ikapoa.
Ezra, kijana wetu wa breki, alitaka ubao uwekewe kioo.
Mweka hazina alitaka msasa.
Delmar aliendelea kuhesabu.

Tukamtafuta. Alikuwa hai, maili arobaini tu kutoka hapa,
Orpha Stutzman, miaka themanini na miwili, kofia ya sufu.
Aliupitisha mkono juu ya mistari bila kuigusa.
Hakulia; leso tuliziandaa bure.
"Hili gari," akauliza, "litatembea?
Niliishi ndani yake miaka kumi na miwili.
Mama alipika hapa. Bomba la jiko lilitokea pale juu.
Usiku upepo ulipolitikisa nilimwambia Lowell: shika, tunaondoka.
Halikuondoka hata inchi."

Ubao tuliugeuza.
Penseli sasa inatazama ndani ya ukuta;
upande wetu ni mkangazi na vanishi, mwaka wa kumi na nne,
na kanuni haina neno.

Mwezi wa kumi Delmar alilegeza kamba,
mkono wa paani ukapanda, ukapapasa, ukaukamata waya.
Cheche ya buluu. Taa tano zikawaka, ya sita ikafikiri kwanza.
Kisha mlio kutoka sakafuni, mzito, unaopanda,
ambao huusikii kwa masikio bali kwa meno.
Niamini. Meno nayajua.

Reli yetu ni mita mia nane, inaishia kwenye shamba la mahindi.
Orpha alikaa kushoto, palipokuwa na kitanda chao,
akaacha nafasi ya mtu mmoja upande wa dirisha.
Mahindi yakaanza kurudi nyuma.
Yeye hakuyatazama.
Alitazama juu, darini,
pale nilipoziba tundu la bomba kwa kipande cha mkangazi,
nikadhani hakuna atakayekiona.