Muhuri Usiokuwepo

Usiku wa Februari, Gimli. Ziwa limeganda
kiasi cha kubeba lori.
Nimetandaza gazeti mezani, wino wa kunata usio na rangi,
unga wa dhahabu katika kopo dogo kama la ugoro,
na kile kipuliza-joto alichoninunulia Einar
akidhani nataka kubandua rangi ya mlango.

Kazi yenyewe ni hii: unagonga muhuri, huoni kitu.
Unamwaga unga, unaona vumbi.
Unakung'uta; uliozidi unarudi koponi,
ulioshika wino unabaki, mkavu, hauna neno.
Kisha joto. Usikaribie mno,
karatasi itajikunja kama mtu aliyetukanwa.
Unangoja.
Unangoja,
halafu mara chembe zinashikana mikono,
vumbi linalowa, linang'aa,
na herufi zinainuka, ukizipapasa
ni kama kovu jipya.

Leo kadi ni ya Lovisa, nyumba ya tatu.
Nina mihuri arobaini na mmoja, nimeihesabu:
Hongera kwa mtoto. Hongera kwa nyumba.
Ugua pole. Heri ya miaka sitini.
Makiwa. Lakini hakuna aliyekufa.
Mwanawe yu hai, gerezani, miaka minne.
Alipovunjika nyonga, wanawake wa kanisa
walimpelekea keki hadi akazigawa.
Safari hii majiko ya mtaa mzima yamepoa.
Aliyechonga mihuri hakumfikiria mama huyu.

Nikaichukua kadi, nikaigeuzageuza, nikaiweka.
Nikala mkate na siagi. Nikaichukua tena.
Nikagonga tawi la msonobari, basi;
tawi halimlaumu mtu.
Nikamwaga unga, nikakung'uta,
na kule chini pembeni, pasipo wino,
dhahabu imeng'ang'ania: kidole gumba changu,
mistari yote, hata ule ufa wa kisu cha samaki
wa mwaka ule Lovisa alipoifunga damu
kwa skafu yake mpya, akacheka, akasema nyekundu kwa nyekundu.

Brashi ninayo. Uchafu wa namna hii hupanguswa
kabla ya moto. Ukishapita moto, umepita.
Nikaishika brashi.
Einar akauliza kutoka chumbani, bado tu?
Bado, nikasema,
nikaiweka brashi chini, nikawasha.

Ndani niliandika kwa kalamu ya kawaida:
Gari langu linawaka hata kwa baridi hii.
Siku za kutembelea ni zipi?

Sikutumia stempu. Theluji ilinifika magotini,
nikaisukuma bahasha kwenye tundu la mlango wake
nikarudi kwa nyayo zangu zilezile.

Adhuhuri simu ikalia.
"Thora. Kadi yako ina doa."
"Najua."
Nikasikia birika lake likianza kuchemka,
likachemka, hakuliondoa.
"Jumamosi," akasema. "Saa mbili.
Na uje na glavu, dole lako hilo lina nyufa."