Sindano Zilizopinda

Tarehe nane Desemba, theluji imefika magotini,
nimepanda ngazi za hekalu na kipande cha tofu bakulini.
Huku kwetu Tajima sindano iliyovunjika haitupwi.
Huchomekwa katika kitu laini, ipumzike,
maana umri wake wote imechoma vigumu.
Nimekuja na tatu. Moja ni kwa ajili yako,
Tokusaburo Nishigaki,
ingawa sikuwahi kukupenda.

Baba yako alifua sindano ya aina moja,
ya kushonea kimono, na alikuwa na neno moja:
mshika mbili, moja humponyoka.
Alipokufa, ukoo ulimpa kaka yako muhuri;
wewe, mtoto wa tatu, ukapewa daftari la madeni.

Santuri uliisikia mara ya kwanza dukani kwa mwuza dawa.
Wenzako walimsikiliza mwimbaji hadi machozi.
Wewe uliinama juu ya kile kijichuma kinachokwaruza,
ukauliza, "Hiki huchakaa baada ya nyimbo ngapi?"
"Mmoja," wakakwambia. "Kisha tunaweka kipya."
Ulicheka peke yako njia nzima hadi stesheni.

Ndipo tukaanza kutengeneza sindano zisizoshona.
Kaka yako alipiga meza: mababu wataona haya!
"Mababu," ukamjibu, "walikula shayiri."

Vita vikaja vikachukua waya,
vikachukua mashine, vikamchukua Haruyoshi wako.
Waya ulirudi.

Baadaye ndoana, baadaye mishale ya saa,
kisha, Mungu wangu, pikipiki.
Mtu wa sindano, pikipiki!
Zilitoka kumi na moja, na hakuna hata moja
iliyoweza kupanda mlima wa kutokea hapa mjini.
Wanawake arobaini wakapewa bahasha
na sanduku la keki za maharage.
Dada yangu Mitsue alikuwa wa thelathini na mbili.
Hukutoka kuwaaga. Niliona kivuli chako
nyuma ya karatasi ya mlango, bega moja chini,
kimesimama mpaka wa mwisho alipofunga viatu.

Mimi nilibaki. Kazi yangu ilikuwa matundu:
elfu nne kwa siku, moja moja, mbele ya taa,
nikitafuta lenye kasoro.
Jioni nilipofumba macho niliyaona bado,
nyota ndogo zisizokuwa na anga.

Ulikuwa umezeeka ulipoanza kuja karakanani usiku.
Ulichukua sindano nzima, isiyo na kosa,
ukaikunja polepole juu ya ukucha wa kidole gumba.
Tulinong'onezana: mzee amerudi utotoni.
Zilizopinda sisi tulizimwaga ndooni;
wewe ulizipinda kwa makusudi,
ukazifunga kwa karatasi ya mchele
ukapanda treni kwenda kwa madaktari wa Osaka.
Walikurudisha mara sita.

Leo sanamu yako iko mbele ya stesheni.
Mjukuu wako husoma hotuba, husema uliona mbali.
Mbali gani? Ulikuwa na miwani mizito kama chupa.
Uliona karibu, karibu mno, pale ncha inapogusa kitu,
na watu waliokuwa nyuma ya ncha
wakakutokea ukungu.

Majira ya kuchipua yaliyopita nilipasuliwa jicho.
Daktari alikuwa kijana, mikono yake ikinuka sabuni.
Nilimuuliza sindano ni ya nani.
Akasoma kwenye kijisanduku, akataja jina lako
kama mtu anavyotaja aina ya chumvi.
Miaka thelathini na sita nimepitisha jicho langu katika sindano zako.
Sasa yako imepita katika jicho langu.
Tumelipana? Sijui. Ninaona theluji vizuri.

Haya. Ya kwanza ni ya mama, imevunjika tunduni.
Ya pili Mitsue ameituma kutoka Kobe, bila barua.
Ya tatu nilitaka iwe ile iliyonishona,
daktari akakataa, akasema ni sheria.
Nimekuletea ya santuri, butu, ya wimbo mmoja.

Inazama ndani ya tofu.
Haikwaruzi kitu.