Kofia ya Mfuko wa Unga

Mwalimu Cirhuza alisema: chagueni mtu wa historia,
Ijumaa mvae kama yeye, mseme kama yeye.
Wavulana wakagombania majenerali.
Nikabaki na mwanamke mrefu wa ng'ambo,
aliyeuzwa angali mtoto, pamoja na kondoo,
akamtoroka bwana wake, akazunguka nchi nzima
akiwanenea watumwa, akiwanenea wanawake,
naye kusoma hajui.

Mama alinikatia kofia kwenye mfuko wa unga.
Maandishi ya kiwanda yaligoma kutoka,
tukayageuzia ndani:
KILO 25, juu ya utosi wangu.
Miwani ya marehemu babu, fremu tupu.
Shali, kitenge cha Machi nane, upande uliopauka.

"Ule mama alikuwa anabeba nini?"
aliniuliza, sindano mdomoni.
Kila kitu, nikasema.
"Na walimulipa?"
Hapana.
Akacheka kidogo,
kama mtu anayepashwa habari za jirani.

Ijumaa mvua.
Matope ya Kadutu yakala gauni hadi magotini.
Nikapanda kwenye benchi, nikafungua kinywa,
na hotuba yote niliyoikariri wiki nzima
ikateremka mlima, ikaenda zake ziwani.

Hapo nikamwona mlangoni.
Alikuwa akipita tu, anatoka Muhanzi,
saruji mgongoni, kamba kwenye paji la uso.
Hakuutua mzigo. Akiutua, nani atamtwika tena?
Wala hakuinua kichwa kunitazama,
kamba hairuhusu.
Alitazama viatu vyangu.
Akavitazama muda mrefu, maji yakimchuruzika kidevuni,
darasa zima likigeuka kumtazama yeye.

Nikasema: Kilo hamsini.
Nikasema: Toka ziwani mpaka huku juu, kwa miguu.
Nikasema: Niulizeni nalipwa ngapi.
Hakuna aliyeuliza.
Nikavua kofia, nikawaonyesha paji langu,
laini, halina alama, bado.

Kumi na mbili kwa ishirini.
*Sauti nzuri. Ametoka nje ya somo.*

Mama hajui kusoma ile karatasi.
Nilimsomea "sauti nzuri", nikaikunja.

Kofia aliichukua mwenyewe Jumatatu, kabla ya alfajiri.
Ameikunja mara nne,
anaiweka chini ya kamba, isimkate.