Kuisoma Barua, Kitangari

Barua ina kurasa tatu na muhuri wa SIRI.
Imepita kwa afisa michezo, kwa mtendaji wa kata,
kwa kijana wa bodaboda aliyeniletea shuleni
akaniuliza kabla hajazima pikipiki,
"Mwalimu, eti Somoe si wa kike?"

Mama yake yuko uani, anabangua korosho.
Ncha za vidole zimebabuka kwa mafuta ya maganda.
"Soma," anasema. "Usiruke hata nukta."

Nafika kwenye neno kromosomu, nakwama.
Mimi nafundisha michezo na jiografia.
Nasema: ni kama nyuzi ndani ya mwili,
ndogo, hazionekani, wataalamu wamezipa herufi.
Wanawake wengi wana X mbili.
Somoe ana X na Y.

"X naijua.
Walitupigia ukutani, nyekundu, walipopanua barabara.
Tukapewa siku thelathini."
Anapasua nyingine. "Hiyo ya pili ikoje?"
Naichora mchangani kwa kijiti.
"Panda ya manati," anasema. Hacheki.

Kijiti.
Kilikuwa na pamba nchani, kule Dar es Salaam,
kesho yake baada ya zile mita mia nane.
Wakamsugua ndani ya shavu.
Kwenye basi aliniambia alidhani ni malaria wanapima.
Nami nilidhani hivyohivyo. Nikamnunulia soda.

Naendelea. Wanasema huenda mwili wake
hauisikii homoni inayotajwa hapa, au unaisikia kidogo,
vinatakiwa vipimo zaidi.
Kwa sasa asikimbie na wanawake.
"Akimbie na nani?"
Nageuza kurasa zote. Nageuza hata mgongo wa ile ya mwisho.

"Mkunga alimwinua kwenye mwanga wa karabai
akasema, wa kike.
Chiputu kaingia na wenzake, makungwi wamemwona,
tumecheza mpaka kukakucha.
Damu haikuja, ndiyo. Tukasema itakuja.
Ya dada yangu pia haikuja.
Akalea watoto wa wenzie, akazikwa na watu wengi,
na hakuna aliyemwandikia barua."

Anaokota bibo kwenye ndoo, ananionyesha
korosho ilivyoning'inia nje, chini ya tunda,
kama kitu kilichosahauliwa mlangoni.
"Ghalani wanapima uzito, wanapima unyevu.
Sijasikia karani akiuliza
kwa nini mbegu haikukaa ndani kama ya embe."

Sina jibu. Najua kwamba wako wasichana wengine
waliofika mstarini nyuma yake,
nao wana mama, nao wamejifunga kanga viunoni wakalia.
Sikumwambia hilo. Labda analijua.

"Na wewe, mwalimu, una herufi gani?"
"Sijui."
"Hukupimwa?"
"Sikuwahi kushinda."

Naikunja barua mara nne, bado ni kubwa.
Somoe anaingia na ndoo kichwani kutoka bombani,
haijamwagika hata tone,
na ananitazama mkononi
kabla hajanitazama usoni.