Moshi wa Toleo la Zamani

Mwalimu wa video asema: bofya kitufe cha kulia.
Kwangu hakuna kitufe. Kimehama, au kimekufa
matoleo manne yaliyopita,
naye bado ananambia, kwa upole, "Sasa unaona moshi."

Sioni.
Naona mchemraba mtupu, chembe elfu kumi
zadondoka kama mchele wa gunia lililotoboka.

Saa nane usiku, Majengo. Feni yanguruma,
kompyuta yachemka, ungeteleka chai juu yake.
Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto.
Mimi moto ninao, tele, chini ya viganja.

Alfajiri Bi Mwanasiti wa chini awasha makaa ya mahamri:
moshi wapanda ngazi, wapinda kona, waingia kwangu
bila kuuliza toleo.

Nakohoa.
Narudisha video mwanzo.